Tamko lililokwama Kirumba

Jumamosi ya tarehe 5 Machi 2022, siku ya kumi ya vita vya Ukraine, tulikaa watu 11 katika chumba cha nyuma cha duka moja la nyavu, Kirumba, Mwanza, tuandike tamko la ukurasa mmoja juu ya vita hivyo. Tulitoka saa nne usiku mikono mitupu. Kufikia Pasaka, kikundi kilichodumu miaka sita kilikuwa vikundi viwili visivyosalimiana. Mimi ndiye niliyekuwa nikiandika muhtasari wa vikao. Ninao hadi leo, na kisa hiki nimekitoa humo. Majina ya watu nimeyaacha, wenyewe watajijua.

Hatukuwa chama. Tulikuwa watu wa mrengo wa kushoto wa kila rika: wengine tumelelewa na Azimio la Arusha, wengine wamelikuta kwenye kitabu cha historia, na vijana wawili walioufikia ujamaa kwa kusoma kwenye simu zao. Tulisoma sura moja kwa wiki na tulifanya kazi. Mwishoni mwa 2021, machinga walipohamishwa katikati ya mji, tulizunguka nao Makoroboi tukiorodhesha meza na bidhaa, tukawaandikia barua. Nalitaja hili kwa sababu huwa nasikia kwamba watu wa kushoto hugombana kwa kukosa kazi. Sisi kazi tulikuwa nayo, na ilikuwa inakwenda.

Siku tatu kabla ya kikao, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilikuwa limepiga kura kuitaka Urusi iondoe majeshi yake. Nchi 141 zilikubali, 5 zilikataa, 35 zilijizuia. Ziwa letu lina nchi tatu: Kenya ilikubali, Uganda na Tanzania zikajizuia. Vijana walitaka tuseme kitu. Mmoja wao, mhitimu wa sheria, alikuja na rasimu ya sentensi nne. Ya kwanza ililaani uvamizi. Ya pili ilipinga NATO, muungano wa kijeshi wa nchi za Magharibi, kujitanua kuelekea mashariki. Ya tatu iliitaka serikali yetu iwaeleze wananchi kwa nini ilijizuia. Ya nne ilisema watu wa Ukraine wana haki ya kujihami, na kutafuta silaha popote wanapoweza kuzipata.

Nilidhani tutamaliza kwa saa moja.

Aliyesimama kwanza ni Mzee. Ndivyo tulivyomwita wote, mhandisi mstaafu aliyesomeshwa na Wasovieti miaka ya sabini, na ndiye aliyetufundisha wengi wetu kusoma kitabu kwa kalamu mkononi. Alisema hatasaini neno "uvamizi". Alituuliza nani aliyewapa silaha FRELIMO wa Msumbiji. Nani aliyewapa MPLA wa Angola, nani aliyewafundisha vijana wa ANC ya Afrika Kusini. Kamati ya Ukombozi ya OAU, umoja wa nchi za Afrika wa wakati ule, ilikuwa na makao yake Dar es Salaam, na meli zilizoshusha mizigo ya wapigania uhuru hazikutoka London wala Washington. "Leo hao waliokuwa wakimuuzia Kaburu ndio wanatuambia tulaani nani," alisema, "na ninyi mnakimbilia kalamu."

Kisha akaleta Libya, na hapo alikuwa na hoja ambayo hakuna aliyeijibu vizuri usiku ule. Mwaka 2011 Umoja wa Afrika ulikuwa na mpango wake wa amani. NATO iliendelea kupiga mabomu huku marais wa Afrika wakihangaika kupata nafasi ya kusikilizwa, na nchi ile mpaka leo haijatulia. Akaleta Iraki ya 2003. Akaleta mkutano wa NATO wa Bucharest wa 2008, ulipotamka kwamba Ukraine na Georgia siku moja zitakuwa wanachama. Yote hayo ni kweli. Anayetaka kumwelewa Mzee aanzie hapo: alikuwa mtu mwenye kumbukumbu, na kumbukumbu yake ilikuwa sahihi.

Aliyemjibu kwanza ni muuguzi, mwanachama wetu wa miaka yote sita. Mtoto wa dada yake, yaani mwanawe kwa desturi yetu, alikuwa anasoma udaktari katika mji wa Sumy, na usiku uleule tunaokaa alikuwa chini ya jengo la bweni pamoja na wanafunzi wengine wa kigeni, mji umezingirwa. Walitolewa siku tatu baadaye, tarehe 8. Muuguzi hakuwa na mapenzi na Ulaya. Alikuwa amesoma jinsi Waafrika walivyosukumwa nyuma ya foleni kwenye mpaka wa Poland, hadi Umoja wa Afrika ukatoa tamko tarehe 28 Februari. Alisema: "Mzee, shikamoo. Mimi sijui ya Bucharest. Najua bomu linaloanguka pale limetoka upande gani. Hilo tu naomba liandikwe."

Hapo tungeweza kusimama. Kilichoharibu ni kijana wa pili, aliyekuwa upande wa Mzee, kumwambia muuguzi kuwa ni kibaraka wa NATO. Nimeliandika neno hilo kwenye muhtasari kama lilivyotamkwa. Mwenyekiti hakulikemea, wala mimi sikuweka kalamu chini. Ninaamini hadi leo kwamba kikundi kilivunjika dakika ile, na saa mbili zilizofuata zilikuwa za kuhesabu vipande. Mama aliyekesha Makoroboi na machinga, na mtoto wake yuko chini ya ardhi akisubiri kombora, haitwi kibaraka na mtu aliyekula ubwabwa nyumbani kwake.

Lakini hoja zenyewe zilikuwa nzito, na nisingependa zizame ndani ya tusi hilo.

Mwanasheria alileta Kagera. Mwanza huwezi kuzungumza juu ya vita bila kufika huko. Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalivuka, na Amin akatangaza kwamba mpaka wa nchi sasa ni Mto Kagera na ardhi yote ya kaskazini yake ni ya Uganda. Kijana aliuliza: wakati ule kuna mtu wa kushoto duniani aliyekuwa na haki ya kutuambia tuelewe wasiwasi wa Amin kuhusu usalama wake? Kwani Amin hakuwa na sababu? Alikuwa nazo. Obote, rais aliyepinduliwa na Amin, alikuwa kwetu.

Mzee alikuwa ameijua hoja hiyo kabla haijaletwa. Alijibu kwamba Septemba 1972 wapiganaji wa Obote walivuka kutoka ardhi yetu kwenda kumwondoa Amin, na ndege za Uganda zikaja kupiga Bukoba na Mwanza. Na mwaka 1979 jeshi letu halikuishia Mutukula, mpakani. Lilikwenda hadi Kampala, ikaanguka Aprili 11, na Julai mwaka huo kwenye mkutano wa OAU, Monrovia, wakuu wenzetu wakatulaumu. "Kwa rasimu yenu hii," alisema, "Mwalimu Nyerere ni mvamizi. Mtasaini?"

Chumba kilinyamaza. Mimi pia sikuwa na jibu. Jibu nimelipata polepole, na sidai kwamba ni jepesi.

Tulishambuliwa kwanza, na ardhi yetu ikatangazwa kuwa ya mwingine. OAU haikumlaani Amin. Tulipoingia Kampala hatukuifanya Uganda mkoa wa Tanzania. Machi 1979 Waganda wenyewe walikuwa wamekutana Moshi kupanga serikali. Hayo hayalisafishi kila tulilofanya kule, na wapo Waganda wenye lao la kusema juu ya miaka iliyofuata. Ila kuna tofauti kati ya kuvuka mpaka na kuufuta. Julai 1964, Cairo, nchi za OAU zilikubaliana kuheshimu mipaka zilizoikuta siku ya uhuru, na aliyelipeleka azimio lile ni Nyerere. Hakulipeleka kwa kuipenda mipaka iliyochorwa Berlin. Alijua kwamba ukianza kuisogeza, kila mwenye bunduki atakuwa na ramani yake. Balozi wa Kenya alisema karibu hayohayo mbele ya Baraza la Usalama siku tatu kabla ya vita kuanza, na alikuwa anazungumza lugha yetu kuliko sisi tulivyoizungumza usiku ule Kirumba.

Mzee alikuwa na kete moja zaidi: Biafra, jimbo lililojitenga na Nigeria. Aprili 1968 Tanzania iliitambua Biafra, ikalivunja lile azimio la mipaka ambalo yenyewe ililipeleka. "Donbas ndiyo Biafra," alisema, yaani ule ukanda wa mashariki ya Ukraine wenye Donetsk na Luhansk. Hii ndiyo hoja niliyolala nayo muda mrefu zaidi. Biafra inaonyesha kwamba kwa Nyerere mpaka haukuwa mungu. Watu walipokuwa wanauawa kwa maelfu, aliwatazama watu. Mtu wa Donetsk aliyepigwa makombora tangu 2014 naye anastahili kutazamwa, na kwenye rasimu yetu hakuwemo. Mzee alikuwa sahihi kwamba hakuwemo. Lakini Tanzania iliitambua Biafra na ikaishia kuitambua. Hatukupeleka majeshi Lagos, wala hatukuitangaza Enugu, mji wa Biafra, kuwa yetu. Tarehe 30 Septemba 2022 Urusi ilitangaza kwamba Donetsk, Luhansk, Zaporizhzhia na Kherson ni mikoa yake, baadhi ya sehemu zake ikiwa hata haizishikilii. Siku hiyo Biafra iliondoka mezani. Kilichobaki ni mtu anayesema mpaka ni mto.

Narudi kikaoni. Aliyebadili hewa ya chumba ni fundi wa injini za mitumbwi, mtu wa maneno machache aliyepigana Kagera akiwa kijana. Alimuuliza Mzee: "Ndege zilizopiga Bukoba zilitengenezwa wapi?" MiG. Za Kisovieti. "Na ile iliyokuja kwetu hapa?" Machi 1979 Gaddafi, aliyekuwa akimsaidia Amin, alituma ndege moja ya Tupolev Tu-22 ipige matangi ya mafuta ya Mwanza. Ilikosa. Mabomu yaliangukia kisiwa cha Saa Nane, yakaua wanyama waliokuwa wanafugwa pale. Watoto wa Mwanza wameikuta hadithi hiyo kama kichekesho cha swala waliokufa vitani. Fundi hakucheka. Alisema roketi zetu, zile ambazo Waganda walizipa jina la saba saba, nazo zilikuwa za Kisovieti. Washauri wa Kisovieti walikuwa kwenye jeshi la Amin kabla ya vita. "Moskva ilitupa sisi na ikampa yeye. Mimi nashukuru roketi. Lakini deni gani hilo la kulipa kwa kunyamaza?"

Naona hapo ndipo palipokuwa na fundo lenyewe. Mzee na wenzake walikuwa wanalipa deni, na walikuwa wanamlipa asiyehusika. Umoja wa Kisovieti ulikufa 1991. Mkopo wa ukombozi, kama tuuite hivyo, ulitoka kwa Warusi, Waukraine, Wageorgia, Wauzbeki. Tarehe 21 Februari 2022, siku chache kabla ya kuvamia, Putin alihutubia taifa lake akamlaumu Lenin, mwasisi wa Umoja wa Kisovieti, kwa kuiunda Ukraine. Alisema ni kazi ya Wabolsheviki, na kwa kuwa Waukraine wanabomoa sanamu za Lenin, yeye atawaonyesha kubomoa kikamilifu ni nini. Nilimwona ndugu mmoja wa kikundi chetu akimtetea Putin akiwa amevaa fulana ya Lenin. Sikumcheka, niliumia, maana najua fulana ile aliinunua kwa mapenzi.

Na Mwanza tuna sababu yetu wenyewe ya kujua kwamba watu wale hawakuwa kitu kimoja cha kuitwa "Urusi". Miaka ile ya minofu ya sangara, Ilyushin kubwa zilikuwa zikitua uwanja wetu kubeba samaki kwenda Ulaya, na wanaanga wake walitoka nchi zilizokuwa za Kisovieti, Mrusi na Mukraine kwenye chumba kimoja cha rubani. Machi 23, 2005 mojawapo ilianguka ziwani muda mfupi baada ya kuruka, na wote wanane waliokuwemo wakafa. Wavuvi waliokwenda na mitumbwi hawakuuliza nani ni wa taifa gani.

Muuguzi ndiye aliyeuliza swali ambalo sikulitegemea. "Mzee, wewe ulisomea mji gani?"

"Kharkiv."

Hakuna aliyesema kitu. Kharkiv ni ya Ukraine, na siku ileile ilikuwa inapigwa makombora. Wengine wameniambia baadaye kwamba hapo Mzee alishindwa. Waliosema hivyo hawakumtazama usoni. Alisema, kwa sauti ya chini kabisa, kwamba bwenini kwake walilala Mrusi, Mukraine na Mmsumbiji, kwamba vita vya Kagera alivisikiliza redioni akiwa nao, na kwamba anawachukia NATO kwa sababu wamewafanya wale wawili wapigane. Huzuni yake ilikuwa ya kweli. Aliyemwelekezea ndiye niliyeona kwamba siye.

Upande wa pili nao ulikuwa na makosa yake, na mimi nilikuwa upande huo. Mwanasheria alisoma mbele yetu habari ya 1914: jinsi wabunge wa chama cha kisoshalisti cha Ujerumani walivyopitisha fedha za vita tarehe 4 Agosti, na jinsi mwenzao Karl Liebknecht alivyosimama peke yake Desemba kupiga kura ya hapana. Akataja kipeperushi chake cha 1915, kwamba adui mkuu yuko nyumbani. Kijana wa upande wa Mzee aliudaka msemo huo akasema: basi adui ni NATO. Tukabishana nusu saa nzima kama adui mkuu ni Washington au Moskva, na hakuna aliyeona kwamba Liebknecht alisema "nyumbani". Yeye alikuwa Mjerumani, anaipinga serikali ya Ujerumani, na alifungwa kwa hilo. Nyumbani kwetu si Moskva wala Washington. Sentensi ya tatu ya rasimu, ile ya kuitaka serikali yetu ieleze kwa nini ilijizuia, ndiyo pekee iliyomhusu mtu ambaye sisi tungeweza kumuwajibisha. Tuliipa dakika nne. Nimehesabu kwenye muhtasari.

Kutofungamana na upande wowote kwa Nyerere hakukuwa kunyamaza. Mwaka 1965 alivunja uhusiano na Uingereza kwa ajili ya Rhodesia, Zimbabwe ya leo iliyoshikwa na walowezi, akapoteza mkopo. Mwaka 1968 Wasovieti walipoingiza vifaru Czechoslovakia, Tanzania ililaani, na Wasovieti hao ndio waliokuwa wakiwasaidia wapigania uhuru tuliowahifadhi. Alikuwa na deni lilelile la Mzee, tena likiwa bichi, na alisema. Kujizuia bila kueleza ni jambo jingine, na wananchi wana haki ya kuliulizia.

Mama lishe wa mwaloni alisema mwishoni, akiwa ameshika mkoba tayari kuondoka. Kuna mtu alikuwa ametoa ile methali ya tembo na nyasi. Akasema: "Kila vita mnaniambia mimi ni nyasi. Nyasi haina la kusema. Mimi ninalo. Ngano ikipanda nitapunguza chapati iwe ndogo au nipandishe bei? Mmekaa saa nne, hakuna aliyeniuliza." Ngano ilipanda. Mafuta ya kula yalipanda. Petroli ilivuka shilingi 3,000 kwa lita, na mvuvi wa sangara mwenye injini ya kupachika alianza kuhesabu kama safari italipa, hadi serikali ilipoweka ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi kuanzia Juni. Yeye aliliona mwezi Machi, sisi tukiwa Bucharest.

Baada ya kikao hicho tulikutana mara mbili, vibaya zaidi. Muuguzi hakurudi. Kundi la Mzee likahamia Nyakato, letu likabaki Kirumba likiwa na watu watano.

Januari 2023 Wizara ya Mambo ya Nje ilithibitisha kwamba kijana Mtanzania aliyekwenda Urusi kusoma, akafungwa huko, alipewa nafasi ya kujiunga na Wagner, jeshi la kukodiwa la Urusi, ili aachiwe, na aliuawa Ukraine Oktoba 2022. Mwili ulirudishwa. Nilimpigia Mzee simu usiku huo, mara ya kwanza baada ya miezi tisa. Alipokea mlio wa kwanza. Alisema, "Nimesoma. Njoo na ule muhtasari."

Tulikaa kwake watu wanne: yeye, mimi, fundi, na muuguzi, ambaye Mzee mwenyewe alimfuata nyumbani kumwomba radhi kwa tusi ambalo hakulitamka yeye. Hatukufufua kikundi. Tulichukua rasimu ile. Sentensi ya kwanza Mzee aliiandika upya kwa mkono wake: kuteka ardhi ya watu wengine ni kosa, awe Amin, awe mwingine. Neno "uvamizi" hakuliandika, na hatukumlazimisha. Ya pili ilibaki, na Libya ikaongezwa. Ya tatu tuliirefusha: serikali ieleze kura zake, pamoja na ile ya Oktoba 12 ambapo ilijizuia tena, na iwaeleze wazazi nini kinawapata watoto wao walioko magerezani na vyuoni Urusi. Tuliongeza mstari kwa ajili ya watu wa kushoto waliobaki kule kwenyewe: Warusi wanaokabiliwa na kifungo cha hadi miaka 15 kwa kusema jambo juu ya jeshi lao, na wafanyakazi wa Ukraine ambao Agosti 2022, katikati ya mabomu, walipunguziwa kinga zao kwa sheria mpya ya kazi. Mstari huo ndio ulionipa nafuu, kwa sababu kwa mara ya kwanza tulikuwa tunazungumza na watu na kuziacha ramani.

Sentensi ya nne, ile ya silaha, ilitushinda. Fundi alisema mtu aliyevamiwa hutafuta bunduki popote, kama sisi tulivyotafuta. Mzee alisema bunduki ya NATO huja na mwenyewe. Muuguzi alisema yeye anataka viishe. Nimeiacha kwenye karatasi na nambari yake, 4, na nafasi tupu mbele yake. Mama lishe alisaini akiwa wa tano, akauliza ile ya nne imekwenda wapi, nikamweleza. Akasema tukikutana tena kuijadili, tukutane asubuhi kabla ya soko, ili naye awepo hadi mwisho.